Msomi wa Magobori: Kwa Nini Tumkumbuke Howard Blackmore

Huenda msomaji wa jarida hili akashangaa kukuta humu jina la Howard Blackmore. Hakuwa mwanaisimu, wala mhakiki wa fasihi, wala hakuwa na uhusiano wowote wa kitaaluma na lugha yetu. Alikuwa Mwingereza aliyeitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza bunduki kongwe, akawa mhifadhi wa silaha katika ngome ya Tower of London, na hatimaye akapanda hadi cheo cha naibu wa mkuu wa hifadhi hiyo. Alifariki mwishoni mwa miaka ya 1990. Miongoni mwa wanaokusanya na kuchunguza silaha za kale, jina lake hutajwa kwa heshima ile ile ambayo sisi huwapa Johnson na Sacleux tunapozungumzia kamusi. Dai langu katika makala haya ni kwamba kumbukumbu ya mtu huyu inatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili, maadamu baadhi ya matini tunazozienzi tumekuwa tukizisoma nusunusu kwa kukosa ujuzi wa aina aliokuwa nao.

Kwanza tutazame alichofanya. Mwaka 1961 alichapisha kitabu kuhusu silaha za moto za jeshi la Uingereza tangu 1650 hadi 1850. Wakati huo maarifa mengi ya wakusanyaji yalikuwa ya kusikia na kurithishana: mtu aliambiwa na muuzaji, muuzaji naye aliambiwa na mwingine, na porojo ikakomaa mpaka ikawa historia. Blackmore aliliendea jambo kwa njia nyingine. Alikwenda katika nyaraka za serikali akasoma mikataba, hati za malipo na barua za Bodi iliyosimamia zana za vita, kisha akarudi kwenye bunduki zenyewe na kulinganisha maandishi na chuma. Kutokana na uchunguzi wa namna hiyo ilibainika kuwa bunduki moja ya askari wa karne ya kumi na nane ilikuwa na wazazi wengi. Mtutu ulifuliwa na fundi mmoja, mtambo ukatengenezwa na mwingine, aghalabu kule Birmingham, kisha vipande vikakusanywa na kuungwa kwa kitako na fundi wa tatu London. Neno TOWER lililochongwa ubavuni halikuwa jina la mtengenezaji. Lilikuwa mhuri wa dola.

Hata hivyo, kazi yake inayonigusa zaidi ni kamusi. Mwaka 1986 alitoa kamusi ya mafundi bunduki wa London walioishi kati ya mwaka 1350 na 1850. Hebu mwanaleksikografia aifikirie kazi hiyo. Kila kidahizo ni mtu: jina lake, mtaa aliofanyia kazi, bwana aliyemfunza ufundi, mwaka aliopokewa katika Kampuni ya Mafundi Bunduki iliyopata hati yake ya kifalme mwaka 1637, na alama aliyoipiga juu ya mtutu. Wamo mafundi waliotajirika kwa zabuni za mfalme na wamo wajane walioendeleza karakana za waume zao. Wengi wao wasingekumbukwa na yeyote. Wafalme na majenerali waliokuwa wakizitumia bunduki hizo wameandikiwa vitabu tele, ilhali aliyefua chuma alisalia herufi mbili tatu chini ya taji dogo lililochongwa. Blackmore alizirudisha herufi hizo kuwa watu.

Sitaki kumpamba kupita kiasi. Kamusi ya aina hii huwafaa wanahistoria, lakini huwafaa zaidi wafanyabiashara wa mnada, kwani bunduki yenye jina huuzwa ghali kuliko bunduki isiyo na jina. Isitoshe, shabaha ya Blackmore ilikuwa utengenezaji na muundo. Vitabu vyake hukufikisha mlangoni mwa karakana, hukuonyesha silaha ikitoka nje, na aghalabu huishia hapo. Nani aliinunua baadaye ilipochakaa, ikavuka bahari gani, na ikaelekezwa kifuani mwa nani, hayo si maswali aliyojipa. Kwetu sisi hayo ndiyo maswali.

Kuna pingamizi zito zaidi. Katika nchi ambayo bunduki imeacha mayatima kaskazini mwa Bonde la Ufa, Garissa na Nairobi, je, inafaa kumwenzi mtu aliyezipenda bunduki? Rafiki mmoja niliyemweleza nia ya kuandika makala haya alinijibu kwamba heri nimwandikie mhunzi wa majembe. Ninaiheshimu hoja hiyo, lakini sikubaliani nayo. Silaha isiyosomwa haipungui ukali. Bunduki zilizoletwa pwani yetu katika karne ya kumi na tisa ziliteka watumwa, zikamaliza ndovu, zikapandisha na kushusha tawala. Atakayejua zilikotoka, zilivyofanya kazi na ziliposhindwa ndiye atakayeweza kuieleza historia hiyo bila kuifanya ngano ya mashujaa.

R. W. Beachey, katika makala yake ya mwaka 1962, alionyesha ukubwa wa biashara hiyo. Mwaka 1888 Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza kule Zanzibar, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa silaha zilizokwisha kutupwa na majeshi ya Ulaya yaliyokuwa yakijipatia mitindo mipya, na nyingine zilitengenezwa makusudi kwa soko la Afrika huko Birmingham na Liège, Ubelgiji. Baadhi zilichongwa TOWER japo hazikuwahi kuiona ngome hiyo. Miaka miwili baadaye, Julai 1890, mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels uliozuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Lakini mkataba ule uliacha mwanya: bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuendelea kuuzwa. Mwafrika akaruhusiwa silaha ya babu yake Mzungu, naye Mzungu akabaki na yake.

Gumegume! Ni wangapi kati yetu tunalijua neno hili? Kamusi za zamani zimelihifadhi pamoja na ndugu zake. Bunduki ya mrao ndiyo iliyowashwa kwa utambi uliokuwa ukiungua polepole. Bunduki ya gumegume ilitoa cheche kwa jiwe gumu lililogonga chuma. Kifa ni kile kibakuli kidogo kilichotiwa baruti ya kuwashia. Mdeki ni ufito wa kushindilia baruti na risasi ndani ya mtutu. Fataki, kabla haijawa mchezo wa sikukuu, na kabla Watanzania hawajalifanya jina la mzee anayewanyemelea wasichana wa shule, ilikuwa kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka, uvumbuzi ulioiondoa gumegume jeshini. Mzinga uliokuwa gogo la nyuki ukawa jina la silaha kubwa kwa sababu ya umbo lake. Msamiati huu umepangika kwa hatua za teknolojia, hatua moja baada ya nyingine, kama vile msemaji wa Kiswahili alikuwa amesimama bandarini akikagua kila shehena. Wanafunzi wa siku hizi tunauita wote bunduki, tena tukiulizwa gobori ni nini tunajibu kwamba ni bunduki mbovu.

Umaskini huu una gharama katika uhakiki. Nitatoa mfano mmoja ambao nimeufikiria kwa muda mrefu. Sote tumeisoma Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969, na tunajua habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 kule Tanganyika. Watu waliahidiwa kuwa maji ya dawa yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Mhakiki wa kawaida hulieleza jambo hili kwa njia mbili: ama ni imani ya kishirikina, ama ni ishara ya umoja. Fasiri hiyo ya pili ndiyo inayopendwa madarasani, na mimi siikatai. Lakini tuiulize bunduki yenyewe.

Wapiganaji waliokuwa na silaha za moto walikuwa, kwa sehemu kubwa, na magobori ya kushindilia kwa mdomo. Mwenye gobori alijua jambo moja kuliko yote: maji ni adui wa bunduki. Mvua ikilowesha kifa, cheche haziwashi. Baruti ikinyonya unyevu, risasi hukwama mtutuni au hutoka bila nguvu na kuanguka karibu. Mwindaji wa ndovu aliyewahi kunyeshewa porini alikuwa ameshaiona bunduki ikishindwa na maji. Kwa hiyo fikra kwamba maji yanaweza kuizima bunduki haikutoka hewani. Ilikuwa na mizizi katika tajriba ya kila siku ya kuitumia silaha ile ambayo Mkataba wa Brussels ulimwachia Mwafrika. Maafa yalitokana na kwamba askari wa Kijerumani hakushika silaha hiyo. Mauser yake ya muundo wa 1871 ilitumia risasi yenye ganda la shaba lililofunga baruti ndani, na ganda hilo halikujali manyunyu. Mnamo tarehe 30 Agosti 1905, mbele ya ngome ya Mahenge, bunduki za rashasha ziliwafyeka waliokuja na imani yao.

Haya ni maoni yangu, na mwenye hoja ya kuyapinga aje nayo. Ninachosisitiza ni kuwa sikuyapata katika nadharia yoyote ya fasihi. Niliyapata kwa kusoma jinsi kifa cha bunduki kinavyofanya kazi, na ujuzi huo umehifadhiwa na watu wa aina ya Blackmore. Kwa mwanga huo, kauli ya risasi kugeuka maji inaweza kusomwa kama hoja ya mtu mwenye akili timamu, aliyekosea kwa kuwa dunia iliwekewa sheria ili asiijue silaha ya mpinzani wake. Tofauti kati ya kusoma hivi na kumwita mtu huyo mshirikina si ndogo.

Matini nyingine zinasubiri msomaji wa namna hiyo. Tawasifu ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, imejaa bunduki na baruti, na mwenyewe alisimulia kwamba jina lake lilitokana na mlio wa bunduki zake. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy kuhusu vita vya Wadachi kuitwaa Mrima ni ushuhuda wa mtu wa pwani aliyeona mizinga ya manowari ikikutana na silaha za wenyeji. Tumezichambua kazi hizi kwa vina na mizani, kwa dini na siasa. Kuziuliza ni bunduki gani hasa iliyokuwa mkononi mwa nani hatujafanya vya kutosha.

Nina pendekezo moja, na najua baadhi ya wasomaji watalicheka. Mnamo Juni 2021 serikali yetu iliteketeza kule Ngong bunduki zaidi ya 5,000 zilizokuwa zikimilikiwa kinyume cha sheria, na miaka mitano kabla yake, mwaka 2016, moto wa namna hiyo uliwashwa papo hapo Ngong. Sina huruma na silaha hizo. Ziungue. Ila kabla ya kiberiti kuwashwa, ninaomba mtu mmoja wa makavazi na mwanafunzi mmoja wa historia waruhusiwe siku chache za kupita katikati ya lundo wakiwa na daftari na kamera. Wasome alama zilizochongwa, waandike nambari, na likitokea gobori la zamani lililofichwa darini na ukoo fulani tangu enzi za misafara, litengwe na kuzibwa mtutu ili lisiue tena. Mnamo Oktoba 1841 moto uliteketeza ghala kuu la silaha katika Tower yenyewe. Iliyomwezesha Blackmore kuandika zaidi ya miaka mia moja baadaye ni karatasi zilizosalia. Je, sisi tutaacha karatasi gani?

Upande wetu wa lugha nao una kazi isiyohitaji kibali cha polisi. Wapo wazee wa Lamu, Pate na Kilifi ambao baba na babu zao waliwinda kwa magobori, na wanaoweza kutaja sehemu za bunduki hiyo kuanzia kitako hadi mdomo wa mtutu. Kamusi zetu za karibuni zimeyaacha mengi ya maneno hayo, au zimeyapa fasili ya mstari mmoja usiotosha. Mwanachama mwenye likizo ya mwezi mmoja, daftari, na picha ya gobori iliyochapishwa kwa ukubwa wa kutosha anaweza kuanza kwa kuuliza swali dogo tu: hiki mlikiitaje? Mimi nimeanza na mdeki, na tayari nimepewa majina mawili mengine ambayo siyaoni katika kamusi yoyote niliyo nayo.