Mahali pa kumuuguzia mgonjwa asiye na tiba

Kwa Mhariri,

Mgonjwa wa saratani ya umio, yaani mrija upitishao chakula kutoka kooni hadi tumboni, anapofikia hatua isiyo na tiba, familia nyingi za kaunti za Meru na Embu nchini Kenya huamua pa kumuuguzia kana kwamba kuna njia mbili tu: wodini, ambako gharama huongezeka kila siku, au nyumbani, ambako binti au mkaza mwana huachiwa mzigo wote, mara nyingi bila hata kuulizwa, kama ambavyo mgonjwa mwenyewe haulizwi. Huduma shufaa, yaani matunzo yanayolenga kupunguza maumivu na kuisaidia familia, ipo karibu kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa hutolewa na Hospisi ya Meru na ile ya Embu-Mbeere, na mofini ya maji, ambayo hunywewa, huweza kutuliza maumivu makali mgonjwa akiwa kwake. Kumrudisha nyumbani kabla dawa hiyo haijapatikana si huruma. Serikali za kaunti hizi mbili zihakikishe kwamba mgonjwa wa namna hii haruhusiwi kutoka wodini bila mofini na nambari ya simu ya muuguzi wa huduma shufaa.

Msomaji,
Embu