Mchezaji Hununuliwa kwa Macho

Mashindano ya kata yakikaribia, timu zetu za Arash hufungua daftari la michango kabla ya kuanza mazoezi. Huyu anaahidi elfu kumi, yule anatoa mbuzi auzwe, na fedha yote ina kazi moja: kumleta mamluki. Watu wameamini kwamba mchezaji wa nje lazima awe bora kuliko wa hapa, na kwamba akitaja dau kubwa basi ubora wake umeshathibitika. Imani hiyo ni potofu, na inatufilisi.

Msimu mmoja nami nilichangia. Tulimleta mshambuliaji kutoka Arusha mjini. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona akicheza. Tulisikia sifa tu. Timu jirani nayo ilikuwa inamtaka, tukapandisha dau mara mbili kwa simu usiku mmoja. Alikuja na basi la njia ya Mto wa Mbu na Engare Sero, akashuka Wasso, akafuatwa na bodaboda. Kesho yake aliingia uwanjani bila kujua hata jina la winga wetu. Kufika dakika ya sitini alikuwa ameshika kiuno. Tukatolewa. Kijana wetu aliyenyang'anywa namba, ambaye huchunga asubuhi na kucheza jioni, alikaa kwenye nyasi kando ya mstari mpaka filimbi ya mwisho, na mazoezini hakurudi tena. Nauli, posho na malazi ya mgeni viliandikwa kwenye daftari. Kumpoteza yule kijana hakukuandikwa popote.

Kinachoniuma ni kwamba watu hawa hawa hawadanganyiki mnadani. Mzee akitaka dume humfungua mdomo akatazama meno, humshika nundu, humtembeza aone kama anachechemea. Bei ikipanda kwa kelele za wanunuzi, hugeuka akaenda zake. Anajua kwamba watu kumi wakigombea ng'ombe mmoja, atakayeondoka naye huenda ndiye aliyekosea zaidi kumkadiria. Wahandisi watatu wa mafuta wa Marekani, Capen, Clapp na Campbell, waliandika jambo hilo hilo mwaka 1971 walipochunguza zabuni za vitalu vya Ghuba ya Mexico: kampuni zilizoshinda zilikuwa zinaambulia faida haba. Wanauchumi wanaliita laana ya mshindi. Wazee wetu wanaikwepa kila siku ya mnada, ila kwenye mpira wanaisahau.

Najua nitajibiwa kwamba hata Simba na Yanga husajili wageni. Haya, tuwatazame Simba. Agosti 2019 Luis Miquissone, akiwa na UD Songo ya Msumbiji, aliifunga Simba Dar es Salaam na kuitoa kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Simba walikuwa wamemwona kwa macho yao. Januari 2020 wakamchukua, akawafaa sana, na mwaka 2021 Al Ahly wakamnunua. Mwaka 2023 alirudi Simba akiwa na jina kubwa. Safari hii jina ndilo lililonunuliwa, na baada ya msimu mmoja akaondoka. TP Mazembe nao walimwona Mbwana Samatta mwaka 2011 akiichezea Simba dhidi yao, wakamchukua akiwa bado kijana. Mwaka 2015 aliwasaidia kutwaa ubingwa wa Afrika. Waliomsubiri mpaka kila mtu amjue walilipa bei nyingine.

Hata wenye mamilioni hukosea. Tangu Julai 2025 vyuo vya Marekani vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, mpaka kama dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza, na mbio za kupandishiana dau zimepamba moto. Lakini watafiti Massey na Thaler walishachunguza ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, NFL, ambako timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Waliwalinganisha wachezaji wa nafasi moja waliochaguliwa wakifuatana, wakakuta aliyetangulia kuchaguliwa anamzidi anayemfuata kwa takribani mara 52 tu katika kila mara 100. Karibu sawa na kurusha shilingi, na wale wana wataalamu na video za kila mechi. Sisi tuna simu ya rafiki wa rafiki.

Sikatai mgeni. Kama hatuna kipa, tutafute kipa. Ila mtu aende kwanza akamwone akidaka, bei ya mwisho ipangwe kabla ya kupiga simu, na nusu ya fedha ibaki mpaka mashindano yaishe. Akija mwenye dau kubwa zaidi, amchukue.

Vipaji vipo mkoani kwetu: mwanariadha Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Mwaka 1974, kule Christchurch, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500. Kipaji kama kile hakikuletwa na basi. Viongozi wa timu za Arash, saa kumi na moja jioni vijana wanacheza kwenye uwanja wa shule. Nendeni mkawatazame wiki nzima kabla hamjafungua daftari.