Mzigo wa Moyo Haubebwi kwa Siri

Hivi karibuni mimi na mume wangu tulikwenda kwao Tabora kuwasalimia wazee. Nilijua nitakula matobolwa na kurudi Dar na dumu la asali. Sikujua kwamba nitarudi pia na somo la moyo, na hapa nazungumzia moyo wenyewe, ule unaodunda kifuani.

Siku ya pili nilimkuta baba mkwe chini ya mwembe, miguu imevimba vifundoni. "Baba, mbona hivyo?" Akacheka. "Ni hivi vidonge vya presha, mwanangu. Ndiyo maana nameza leo, naruka kesho." Mama naye alikuwa na lake. Aliposikia kwamba dawa ile inazuia kalsiamu, akamkatia mzee maziwa na dagaa wa Kigoma. Maskini baba wa watu, dawa hamezi vizuri na mboga kanyang'anywa!

Usiku, natafuta chaja kwenye begi la mume wangu, nikakutana na pakiti. Jina lilelile: amlodipini. Jamani, mwanaume ana miaka 36! Kumbe alianza kumeza miezi minne iliyopita na mimi sina habari. Tulilala kila mtu na ukuta wake.

Kesho yake tukaenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Tukiwa pale kivulini ndipo akafunguka. "Niliogopa. Washkaji kazini wanasema vidonge vya presha vinamaliza nguvu za kiume. Sasa ningekuambiaje?" Hasira zikaniisha. Nikamwambia, kesho tunakwenda kwa daktari, wewe, mimi na wazee.

Tulikwenda wote wanne. Yale tuliyoelezwa, pamoja na niliyosoma baadaye, nitakupa kwa lugha ya Tabora yenyewe.

Zamani misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe. Msafara ukiingia, mji unachangamka. Ukiondoka, mji unapumua. Lakini wa kwanza usipotoka na mwingine ukaingia, halafu wa tatu, chakula kitaisha na visima vitakauka. Wageni walewale walioleta uhai watauangamiza mji.

Kalsiamu ndani ya seli za moyo ni hivyohivyo. Nje ya seli ipo nyingi, kama mara 10,000 ya iliyomo ndani moyo unapopumzika. Kila pigo, vijilango kwenye ngozi ya seli hufunguka, kalsiamu kidogo inaingia na kuamsha nyingine iliyohifadhiwa ndani, msuli unajikaza. Kisha pampu za seli zinairudisha ghalani na kuitoa nje, msuli unalegea. Moyo hufanya hivyo karibu mara 100,000 kwa siku. Bila kalsiamu haudundi kabisa, jambo ambalo daktari Mwingereza Sydney Ringer alilionyesha mwaka 1883 kwa mioyo ya vyura.

Taabu inaanza pale moyo unapozidiwa au kukosa damu. Pampu zinahitaji nguvu, na nguvu hakuna. Kalsiamu inaingia bila kutoka, msuli unashindwa kulegea, vinu vya nishati vya seli vinajaa na kuharibika, mwishowe seli inakufa. Miaka ya 1960 Mjerumani Albrecht Fleckenstein, kule Freiburg, aligundua kwamba dawa kama verapamili hupunguza kalsiamu inayoingia. Katika majaribio ya wanyama, mioyo iliyopewa dawa hiyo iliepuka maangamizi hayo.

Sasa sikiliza vizuri. Dawa hizi hazifungi mlango, zinapunguza upana wake tu. Na hazifanani. Verapamili na diltiazemu zinagusa moyo wenyewe, na kwa mtu ambaye moyo wake umeshachoka kusukuma damu zinaweza kumzidishia. Amlodipini nguvu yake kubwa iko kwenye mishipa ya damu. Mishipa inalegea, presha inashuka, moyo unatuliwa mzigo. Wala si dawa ya zimamoto: nifedipini ilipojaribiwa kwa watu walio katikati ya shambulio la moyo haikuleta uokozi uliotarajiwa. Faida ya kidonge cha presha iko katika kumezwa kila siku, hata siku unayojisikia mzima.

Mama alielezwa kwamba maziwa na dagaa hayana kosa. Kalsiamu ya chakula haiendi moja kwa moja kujaza seli za moyo, mwili una namna yake ya kuipima. Cha kupunguza ni chumvi, hasa ile ya kwenye dagaa waliokaushwa kwa chumvi. Baba aliambiwa miguu kuvimba ni jambo linalojulikana kwa dawa hii, lakini imbidi kupimwa, maana hata moyo na figo huweza kuvimbisha. Alipimwa, akapunguziwa dozi na kuongezewa dawa nyingine. Kuruka siku amekatazwa kabisa.

Na mume wangu? Daktari alimwambia wazi kwamba amlodipini haimo kwenye zile dawa za presha zinazolaumiwa sana kwa mambo ya chumbani. Presha isiyotibiwa ndiyo inayoharibu mishipa ya damu, na mishipa ya huko nayo ni mishipa. Ukiona mabadiliko, mwambie daktari akubadilishie, usiache kimyakimya.

Njiani kurudi nilimuuliza kilichomsumbua zaidi ile miezi minne. Akasema, "Kumeza nikiwa chooni." Hilo liliniuma kuliko siri yenyewe. Mpagazi wa njia ile alibeba kilo 30 na zaidi, lakini hakutembea peke yake.

Siku hizi pakiti inakaa mezani, kando ya dumu la asali. Namwekea maji, anameza, tunaendelea na chai. Wewe je, unajua presha ya mwenzio? Kapimeni pamoja mwezi huu, halafu tukutane mwezi ujao.