Kutoona Si Dalili ya Kutokuwapo

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Sijaona mahali methali hii inapothibitika kuliko katika ugonjwa mmoja adimu unaowapata watu waliopandikizwa mapafu.

Anayepewa pafu la mwingine hana budi kutumia dawa za kuidhoofisha kinga ya mwili wake, ili isilikatae pafu hilo geni. Kinga inapolegea, hata viini vinyonge hupata nguvu. Kwa miaka mingi madaktari waliwaona baadhi ya wagonjwa hao, siku chache tu baada ya upasuaji, wakichanganyikiwa, wakizimia na wengi wakifariki. Damu yao ilikuwa imejaa amonia. Kwa kuwa ini ndilo husafisha sumu hiyo, wengi walidhani kasoro ilikuwa katika kazi ya ini.

Mnamo mwaka wa 2015, watafiti wa Chicago walifichua mengine. Wagonjwa wote 6 waliowachunguza walikuwa na bakteria aitwaye Ureaplasma. Miongoni mwa wengine 20 waliopandikizwa mapafu lakini damu yao haikuwa na kasoro hiyo, hakuonekana hata mmoja mwenye bakteria huyo.

Kiumbe huyu huishi katika njia ya mkojo ya watu wengi bila kuwadhuru. Huivunja urea na kuacha amonia. Hana ukuta wa seli, hivyo penisilini, ambayo huushambulia ukuta huo, haimtishi. Isitoshe, haoti katika vipimo vya kawaida vya maabara. Ajabu ni kwamba dawa za kumwangamiza, kama vile doksisaiklini, zilikuwako miaka yote hiyo. Kilichokosekana ni swali.

Naam, hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Mara ngapi tumemnyamazisha mwanafunzi kwa kumwambia kuwa analouliza halimo katika mtihani? Tunamfundisha kukariri majibu, kisha tunashangaa akishindwa kutafuta jipya. Maabara iliposema haikuona kiini, haikusema kwamba hakipo. Ilisema kwamba chombo chake hakikukiona. Tofauti hiyo ndiyo sayansi yenyewe, nayo iligharimu maisha ya watu.

Nanyi wanafunzi, msione haya kuuliza. Jibu likiwa ni "hakuna", ulizeni tena: limetafutwaje?