Roketi ya Wajapani na barabara ya Somanga

Wadau, Juni 2025 Wajapani waliistaafisha roketi yao ya H-IIA. Najua kuna watakaosema, sasa hiyo inatuhusu nini sisi watu wa Kusini? Inatuhusu, tena hasa msimu wa mvua.

H-IIA ilikuwa roketi ya kutumika mara moja. Inapaa, inaachia mzigo wake huko juu, vipande vinaangukia baharini, basi. Hairudi chini kama zile za SpaceX. Kuanzia 2001 iliruka mara 50 kutoka kisiwa cha Tanegashima na ikafeli mara moja tu, Novemba 2003. Wazungu wanasifia hesabu hiyo, na mimi nawaunga mkono.

Safari ninayoitaka mimi ni ya Februari 2014. Kwa saa zetu ilikuwa usiku wa tarehe 27, Japani kumeshaingia 28. Ilibeba setilaiti inayoitwa GPM, ya NASA ya Marekani na JAXA ya Japani kwa pamoja. Kazi yake ni kupima mvua.

Zile picha za mawingu ya Afrika zinatoka hasa kwenye setilaiti za Ulaya, Meteosat. Lakini wingu siyo mvua jamani. Wingu zito linaweza kupita juu yako likaenda kunyesha kwa wenyewe. GPM ina rada inayopenya ndani ya wingu na kupima matone, hata katikati ya bahari ambako hakuna wa kuweka kipima mvua. Vipimo vyake vinasaidia kusahihisha vya setilaiti nyingine, na JAXA wanatoa ramani yao iitwayo GSMaP: mvua ya dunia, saa kwa saa, bure. Ukiwa na bando unaiona.

Sasa njoo nyumbani. Januari 2020 mafuriko yaliua watu Kilwa na kuacha maelfu bila makazi. GPM ilikuwa angani karibu mwaka wa sita. Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya. TMA walitangaza mapema, wakataja mikoa, wakaonya wavuvi. Haki yao tuwape. Lakini mvua ilipomaliza kazi yake, barabara ya Dar kwenda Lindi na Mtwara ilikuwa imekatika maeneo ya Somanga, madaraja yamesombwa, abiria wamekwama njiani siku kadhaa.

Kwa hiyo taarifa ilikuwepo. Mimi naona tatizo letu linaanzia pale taarifa inapotoka Dar kushuka chini. "Mvua kubwa mkoa wa Lindi" haimwambii dereva wa basi alale Kibiti au aendelee. Haimwambii mama wa Kivinje ahamishe watoto leo au kesho.

Wala tusiifanye setilaiti kuwa mganga. Kila kipande cha ile ramani ni kama kilomita 11 kwa 11, kwa hiyo kijito kimoja cha Somanga hakionekani. GPM yenyewe inazunguka dunia, haikai juu ya Kilwa kutusubiri. Lakini mto kama Matandu unakusanya maji toka huko Liwale. Mvua inanyesha bara, maji yanafika pwani baadaye, na muda huo wa katikati ndio wa kupiga simu. Simu ya mwenyekiti wa kijiji, ya wakala wa mabasi, ya mtu wa TANROADS. Hiyo haihitaji roketi. Inahitaji orodha ya namba na mtu wa zamu usiku anayejua ana ruhusa ya kusema "funga barabara" bila kusubiri kikao.

Wajapani walikubali kutupa roketi nzima ili ile rada ifike juu, halafu vipimo wakagawa bure.

Wadau wa Somanga, Kivinje na Songo Songo, nauliza: nani kati yenu alipigiwa simu au kutumiwa meseji kuhusu Hidaya kabla upepo haujaanza? Na ilitoka kwa nani?