Wageni wa Kinamasini

Sisi tuishio karibu na Ikweta hatuujui msimu wa theluji. Hata hivyo, msimu huo hutufikia kwa njia ya ndege. Baridi inapoishika Ulaya na wadudu kutoweka, mbayuwayu, ambaye uzito wake ni kama gramu 20 tu, hufunga safari ya maelfu ya kilometa kuja kwetu. Kuanzia Oktoba hata Machi utamwona juu ya mafunjo ya Jinja na mashamba ya mpunga ya Mbale, akitafuta riziki pamoja na wenyeji.

Kwa wakaao Jinja, pa kuanzia ni ukingo wa ziwa upande wa Walukuba na Masese. Tokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali, maana ndege hula sana wakati huo. Mtamwona mdiria mweusi na mweupe akipiga mbawa pale pale angani, kisha akijitupa majini kama jiwe. Mnandi hutandaza mabawa yake ili yakauke. Juu ya majani ya yungiyungi hutembea ndege wa rangi ya hudhurungi mwenye vidole virefu mno, ambavyo hutawanya uzito wake asizame. Kalooli naye, achekwaye na wengi kwa upara wake, hula mizoga na mabaki tuyatupayo.

Askari ajuaye doria hana haja ya kufundishwa: nguo zisizong'aa, hatua za polepole, kimya. Watoto waache manati nyumbani. Msiingie majini kwa miguu mitupu wala kuoga humo, kwani kichocho kipo. Mwenye darubini asiielekeze kwenye bwawa la umeme, daraja wala kambi. Wasomaji wa ukurasa huu wanaijua sababu.

Lakini kinamasi si makao ya ndege tu. Kile cha Kirinya, hapo Jinja, hupokea maji yatokayo katika mabwawa ya kusafishia maji taka ya mji. Mafunjo huchuja sehemu ya uchafu kabla maji hayajaingia ziwani, nalo ndilo linalotupa maji ya kunywa na samaki. Huko Mbale, kinamasi cha Namatala hufanya kazi kama hiyo, na maji yake huelekea mto Mpologoma hadi Ziwa Kyoga. Sehemu yake ya juu imekwisha kugeuzwa mashamba, hasa ya mpunga.

Si haki kumlaumu mama alishaye wanawe kwa mpunga huo. Ila tukumbuke usiku wa kuamkia 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika Mbale na kuua watu zaidi ya 20. Mvua kubwa ndiyo iliyoleta maji. Lakini mto uliobanwa kwa nyumba na takataka hauna pa kutulia, nao hutafuta njia milangoni mwa watu.

Korongo taji aliyemo katika bendera yetu tangu 1962 hutaga kinamasini. Tangu 2012 amehesabiwa duniani miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Katiba ya 1995 inasema kuwa serikali inavishika vinamasi kwa amana, kwa manufaa ya wananchi wote. Basi amana hiyo ni yetu pia: tusimwage taka mtoni, na alimaye aache ukanda wa mafunjo kando ya maji.

Jumapili hii mpeni mtoto daftari. Aandike tarehe, saa, mahali na idadi ya kila ndege amwonaye, kisha arudie kila mwezi mahali pale pale. Baada ya mwaka mmoja, daftari hilo litawaonyesha kama kinamasi chenu kinaishi au kinakufa.