KONA YA MAMA: Kwa nini nakimbia

 

Miezi hii watu wananiuliza swali moja. Nikipita asubuhi watoto wanapiga kelele: "Mama, ni nani anakufukuza?" Wakubwa nao wanasemea pembeni, eti mama wa watoto watano anatafuta nini barabarani? Basi mwezi huu nawajibu wote hapa hapa.

Sababu ya kwanza ni usingizi. Mnajua usiku wa huku: mwili umelala, mawazo yanatembea. Mimi nilivuka Bunagana mwaka 2012, wakati wa vita vya M23, mtoto mgongoni na sufuria moja mkononi. Miaka imepita, lakini mlango ukigongwa usiku moyo bado unaruka. Siku nikikimbia, mara nyingi nalala mpaka jogoo awike. Si kila siku, lakini afadhali.

Sababu ya pili ni presha. Nesi alinipima akasema imepanda, nimeze dawa na mwili ufanye kazi. Dawa bado nameza. Msidhani mbio ni badala ya dawa.

Ya tatu, hakuna malipo. Huku kwetu kila kitu kina mstari na kadi: maji, chakula, hata kuonana na daktari. Barabara haiulizi kadi. Nilinunua viatu vya mitumba tu, basi.

Ya nne ndiyo kubwa. Ile siku ya 2012 sikuchagua njia, wala mwendo, wala pa kusimama. Sasa nachagua mwenyewe. Natoka jua likichomoza, nafika kisimani, nageuka, narudi nyumbani. Lugha yetu inajua tofauti hiyo: mkimbizi amefukuzwa, mkimbiaji ameamua. Miguu ni ile ile.

Na si mimi peke yangu. Yuko kijana wa Sudani Kusini, Guor Marial. Utotoni alitekwa wakati wa vita, akatoroka, akafika Marekani akiwa mkimbizi. Mwanzo hakupenda mbio, maana kwake kukimbia kulikuwa kuokoa roho. Shuleni wakamtia moyo, akajaribu. Mwaka 2012 alikimbia marathoni ya Olimpiki huko London, kilomita 42, akamaliza wa 47 kwa saa 2, dakika 19 na sekunde 32. Nchi yake mpya haikuwa bado na kamati ya Olimpiki, naye alikataa kukimbilia Sudani, kwa sababu ya ndugu zake waliokufa vitani. Akakimbia chini ya bendera ya Olimpiki. Mwaka 2016, kule Rio, akakimbia kwa jina la Sudani Kusini. Jamani, hakuwa na medali, lakini mimi namkumbuka kila nikipanda kilima.

Wenye kutaka kuanza, sikilizeni. Tembea dakika tano, kimbia moja, tembea tena. Usishindane na vijana. Wanawake tutoke wawili au watatu, na kumekucha, si gizani. Kunywa maji. Ukisikia kizunguzungu au kifua kinabana, simama, nenda kliniki. Mwenye mimba au ugonjwa amwulize nesi kwanza. Na nyumba ambayo inapika mara moja tu kwa siku, usikimbie, kutembea kunatosha. Chakula kidogo kilichopo ni cha kuishi, si cha mashindano.

Waume zetu, mama akitoka nusu saa, mtazame uji usimwagike. Atarudi na uso mzuri, na faida ni ya nyumba nzima.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya watoto wasiotaka kurudi shule baada ya likizo. Mwenye maswali anione sokoni siku ya gulio. Mbaki salama.